Kompyuta Mbili, Damu Moja

Tuliachana nikiwa nimeshika simu sikioni, mapokezi pamejaa wagonjwa wa bima, na tovuti ya bima imegoma kufunguka.

Kwa ambaye gazeti la wiki iliyopita lilimpita: jina langu ni Asnath, mzaliwa wa Ikungi. Nimeshawasimulia duka langu la Manyoni lilivyoungua, na mume wangu Fredrick alivyoaga kwamba anafuata mzigo Mwanza, na mpaka leo hajarudi. Nikaja Singida Mjini kwa shangazi, nikapata kazi mapokezi katika hospitali moja binafsi. Jina lake silitaji. Nilidhani shida zimenichoka.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Mgonjwa akifika, namfungulia ukurasa wake kwenye kompyuta. Akitoka maabara, naufungua tena ukurasa uleule, nachapa majibu, nampelekea daktari. Kompyuta ya Dokta Philipo ilikuwa imekufa tangu masika. Kwa hiyo alichokijua yeye kuhusu damu ya mtu ni kile kilichotoka kwenye printa yangu.

Niliyempigia ile Jumatatu ni Noel, kijana anayetunza kompyuta zetu. Alikuwa Dodoma kwenye harusi ya dada yake. Muziki ulikuwa unapiga nyuma yake, nikawa nasikia neno moja, la pili linapotea.

"Shida ni proksi," aliniambia.

Proksi nilikuwa naijua kwa jina tu. Ni mashine iliyokaa chumbani kwa Noel. Kompyuta yetu yoyote ikitaka kwenda mtandaoni lazima ipitie kwake kwanza, kama watu wanavyopita kwa mlinzi getini. Uongozi uliiweka ili tusiangalie video kazini. Ila kuna anwani chache zilizoruhusiwa kupita pembeni bila kumwona mlinzi. Hizo zinaandikwa kwenye kisanduku kimoja ndani ya setingi.

"Umekiona hicho kisanduku?"

"Nimekiona. Kina namba namba na nukta."

"Futa hizo. Andika anwani ya bima. Halafu sevu."

"Nifute zote?"

"Futa zote, dada Asnath. Mimi ndiye niliyeziweka."

Nikafuta. Nikaandika anwani ya bima. Ukurasa wao ukafunguka palepale, na foleni ikaanza kusogea.

Madam Martina, katibu wa hospitali, alipita mezani kwangu akanigusa bega. "Leo umetuokoa," alisema.

Nilishinda na furaha ile siku nzima. Sikujua kwamba moja ya zile namba nilizofuta ilikuwa anwani ya mashine ya maabara yetu wenyewe.

*

Dalili zilianza kesho yake, na mimi nikazipita kama mtu anayepita msiba wa asiyemjua.

Mgonjwa mpya anakuja, anatoka maabara ameshika pamba kidoleni, mimi nafungua ukurasa wake, hauna kitu. Nampigia Rebeka wa maabara.

"Mbona majibu hujaingiza?"

"Nimeingiza kitambo, Asnath. Hebu angalia vizuri."

Nabonyeza kitufe cha kuuita ukurasa upya. Hakuna. Nabonyeza tena, nabonyeza tena, yanakuja. Nikasema ni mtandao wa Singida na upepo wake.

Lakini hao walikuwa wagonjwa wapya. Mgonjwa aliyewahi kutibiwa kwetu, ukurasa wake ulifunguka na majibu tayari. Na mtu ambaye majibu yake unayaona mbele yako, huna sababu ya kumtafutia mengine.

Jumatano akaja Peniel.

Alikuwa mjamzito, tumbo limeshakuwa kubwa, ametoka Mkiwa peke yake. Alipofika mezani kwangu alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, akasubiri pumzi zirudi kabla hajasema jina.

"Uliwahi kutibiwa hapa?"

"Mwezi uliopita, dada. Kliniki."

Nikamfungulia ukurasa wake. Upo. Nikamwelekeza maabara. Viganja vyake vilipoachia meza niliviona. Vilikuwa vyeupe kama vimeoshwa kwa unga.

Alirudi kutoka maabara akakaa kwenye benchi, kichwa ukutani. Nikafungua ukurasa wake tena. Damu: kumi na moja nukta nane. Nikasema moyoni, huyu amechoka na safari tu. Nikachapa.

Tarehe ya kipimo ilikuwa chini kabisa ya karatasi, kwa maandishi madogo. Sikuisoma.

Dokta Philipo aliishika ile karatasi kwa muda. Alimtazama Peniel, akaitazama tena karatasi.

"Mama, unajisikiaje?"

"Kizunguzungu, dokta. Na moyo unanienda mbio nikitembea."

"Damu yako nzuri lakini." Alisema kama anayejiuliza mwenyewe. Kisha akaandika vidonge, akamwambia apumzike, arudi baada ya wiki mbili.

Mimi ndiye niliyemsindikiza mpaka mlangoni. Mimi ndiye niliyemwambia, "Usiwe na wasiwasi mama, majibu yako ni mazuri."

Akanishukuru.

*

Alhamisi asubuhi Rebeka alikuja mapokezi na koti lake la maabara, anatafuta kitu kwa macho.

"Yule mama wa jana mmemlaza wodi gani?"

"Mama gani?"

"Mjamzito wa Mkiwa. Peniel. Nilimaliza zamu nikajua dokta ameshaona. Damu yake ni kundi adimu, nimeshughulika mpaka nimempatia chupa mbili, nasubiri fomu ya dokta tu."

Nilicheka kidogo. "Umemchanganya na mtu. Peniel ameenda nyumbani. Damu yake kumi na moja."

Rebeka hakucheka. "Damu yake tano, Asnath."

"Kumi na moja nukta nane. Nimechapa mwenyewe."

"Na mimi nimepima mwenyewe. Nimepima mara mbili, kwa sababu mtu wa damu tano huwa haji kwa miguu yake."

Nikamgeuzia kioo cha kompyuta yangu. Kumi na moja nukta nane. Aliinama, akasoma kila kitu mpaka chini.

"Hii ni ya mwezi uliopita," alisema.

Tukaenda maabara. Sikumbuki kama tulikimbia. Alifungua ukurasa uleule, jina lilelile, namba ileile ya mgonjwa. Tano nukta moja.

Kompyuta mbili ndani ya nyumba moja, zimetenganishwa na korido tu, moja inasema mtu ni mzima na nyingine inasema mtu anakufa.

"Umewagawia watu wangapi karatasi za namna hii?" Rebeka aliuliza.

Nikaenda kumpigia Noel.

*

Noel alikuwa amerudi kutoka Dodoma usiku wa kuamkia siku hiyo. Alikuja akakaa kwenye kiti changu, akaingia kwenye setingi, akafika kwenye kile kisanduku. Madam Martina alikuwa amesimama nyuma yake, mikono imekunjwa. Mimi na Rebeka tulikuwa pembeni.

Noel alipitisha kidole kwenye kioo.

"Nani kafuta anwani ya maabara?"

"Mimi," nilisema. "Wewe uliniambia nifute."

Aligeuka akanitazama. "Mimi nilikuambia uongeze anwani ya bima. Sikukuambia ufute chochote."

"Noel, nilikuuliza nifute zote, ukasema zote."

"Dada Asnath, mtu mwenye akili yake hawezi kusema hivyo."

Nilisubiri aone aibu. Macho yake yalirudi kwenye kioo.

"Ila tatizo linaeleweka," aliendelea, sasa akimwambia Madam. "Ukurasa wa maabara ulikuwa upite pembeni, usipite kwenye proksi. Yeye alipofuta, ukaanza kupitia kule. Na proksi ina tabia ya kutunza nakala ili kazi iende haraka. Asubuhi mgonjwa anafunguliwa ukurasa, proksi inatunza nakala yenye majibu ya zamani. Akitoka maabara anafunguliwa tena, proksi haiendi kuuliza maabara. Inatoa ileile nakala ya asubuhi."

"Kwa hiyo wagonjwa wote wa zamani, tangu Jumatatu..." Rebeka alianza.

"Rekebisha," Madam alimkatisha.

Noel akaandika zile namba upya, akasevu, akazifuta zile nakala za zamani. Ukurasa wa Peniel ukafunguka. Tano nukta moja. Ilikuwa kazi ya muda wa kunywa maji.

"Basi," alisema Madam Martina. "Kompyuta imepona. Wakaguzi wanakuja wiki ijayo, na sitaki kusikia habari hii kwenye korido."

"Na Peniel?" niliuliza.

"Nitampigia mwenyewe."

"Madam, ile damu ni tano. Anatakiwa aje leo leo."

"Asnath, mwanangu." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nimesema nitampigia mwenyewe. Wewe kaa pale mezani kwako."

Nilimfuata Noel mpaka nje ya chumba chake. Alipoona nimefika alishusha sauti.

"Dada, kulikuwa na kelele pale harusini. Sikumbuki nilichosema. Lakini nina watoto, na kazi yenyewe hii."

"Na mimi nina nini, Noel?"

Akaingia ndani, akafunga mlango.

*

Nilikaa mezani. Kila mlango ulipofunguliwa niliinua kichwa nikitegemea kumwona Peniel. Wakaingia wengine.

Saa za chakula zilipofika nilikwenda ofisini kwa Madam.

"Nimeshaongea nao," alisema, anaandika kitu. "Yuko salama."

"Anakuja?"

"Nimesema yuko salama."

Nikarudi koridoni, nikamwona Rebeka amesimama kwenye mlango wa maabara. Alitikisa kichwa kabla sijamuuliza.

"Hajafika, na Dokta Philipo bado hajaingia zamu," alisema. "Asnath, mtu wa damu tano mwenye mimba kubwa, uchungu ukimshika akiwa nyumbani, hakuna mtu atakayeweza kufanya kitu. Mwambie aje tu. Chupa ninazo, sitaziachia."

Kwenye ukurasa wa Peniel kulikuwa na namba ya mume wake, Kefa. Nilipiga. Inaita, haipokelewi. Nikapiga tena, ikakatwa.

Nikachukua mkoba wangu. Sikumuaga mtu. Nikapanda bodaboda mpaka stendi, na stendi nikapata gari la Manyoni lililokuwa linaondoka.

Njiani nilijipanga maneno. Nitaanza na salamu, nitajitambulisha, nitasema kulikuwa na hitilafu ya mtandao. Hitilafu ya mtandao ni maneno mazuri, hayana mwenyewe.

Mkiwa nilishuka njiapanda, pale wanapopanga madumu ya mafuta ya alizeti kando ya lami. Nikamuuliza mama mmoja anapokaa Kefa, mume wa Peniel.

"Yule pale mwenye shati la kijani, anapakia dumu."

Nilimsogelea. "Habari za kazi, kaka. Natokea hospitali ya Singida, nina ujumbe kuhusu mkeo."

Aliweka dumu chini taratibu. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwani.

"Wewe ndiye Asnath," alisema.

Nilikuwa sijamwambia jina langu.

*

"Ni mimi. Umenijuaje?"

"Tumepigiwa simu asubuhi. Mama mmoja wa ofisini kwenu. Amesema majibu ya mke wangu ni yaleyale, kumi na moja, tusiwe na hofu. Akasema kuna mfanyakazi wamemwachisha kazi leo kwa utovu wa nidhamu, ana hasira, anawatafuta wagonjwa anawatisha ili kuiharibia hospitali jina. Akasema anaitwa Asnath. Akija tusimsikilize. Na simu yake tusipokee."

Ndivyo nilivyojua kwamba sina kazi. Nilijulia njiapanda ya Mkiwa, kutoka kwa muuza mafuta.

Yale maneno yote niliyoyapanga garini yalinitoka. Nilibaki na moja tu.

"Peniel yuko wapi?"

"Amelala. Na utamwacha alale."

"Kaka Kefa, usinisikilize mimi. Twende nyumbani, ukamtazame mwenyewe. Ukiona hana kitu, nifukuze."

Alisitasita. Watu wawili watatu walikuwa wameshaanza kusogea. Nadhani hakutaka mambo ya mke wake yaongelewe barabarani. Akamwachia jirani biashara, akatangulia.

Nyumba yao ilikuwa nyuma kidogo ya barabara, karibu na shamba la alizeti lililokwisha kuvunwa. Mama yake Kefa alikuwa uani anapepeta uwele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikamwambia kwa Kinyaturu mimi ni wa wapi na baba yangu ni nani. Uso wake ukalegea kidogo.

"Umekuja kumwona mkwe wangu? Ingia umwone. Tangu juzi anamega udongo wa kichuguu anakula. Nimemnyang'anya, anaufuata tena."

Kefa alimgeukia mama yake. "Hukuniambia."

"Unashinda barabarani, nikuambie saa ngapi?"

Peniel alikuwa amelala kwa ubavu kwenye mkeka. Alitaka kuinuka kunisalimia, nikamzuia. Alikuwa anahema kama mtu aliyepanda mlima, na alikuwa amelala.

"Dada wa mapokezi," alisema, akatabasamu. "Umenifuata mpaka huku."

Nikamwambia Kefa, "Chuchumaa. Mvute kope la chini la jicho. Sasa mtazame mama yako, jicho lake. Linganisha."

Alifanya hivyo. Alimtazama mama yake, akamrudia mke wake. Akafunua na jicho la pili, kana kwamba la pili lingekuwa na habari tofauti.

"Hakuna nyekundu," alisema.

"Damu yake ni tano. Ile karatasi niliyompa ilikuwa ya mwezi uliopita."

"Kwa nini ulimpa ya mwezi uliopita?"

Pale ndipo ile hitilafu ya mtandao iliponijia mdomoni. Nilimtazama Peniel, ananisikiliza na lile tabasamu bado liko.

"Kwa sababu nilifuta kitu kwenye kompyuta ambacho sikukijua," nilisema. "Niliambiwa nifute, lakini mkono uliofuta ni wangu. Kompyuta ikawa inanionyesha majibu ya zamani, na mimi sikusoma tarehe. Mimi ndiye niliyemwambia aende nyumbani."

Kefa alisimama. Kwa muda nilidhani atanipiga, na nisingejitetea.

"Mama, mtafutie khanga," alisema. "Naenda kuita gari."

*

Gari lilikuwa Probox la jirani yake. Tulimlaza Peniel kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwangu. Kefa akakaa mbele na dereva. Tukaondoka kuelekea Singida, na njia nzima Kefa alikuwa anageuka nyuma kutazama kama mke wake anapumua.

Tulipita Issuna. Tulipita Ikungi, kwetu, na sikugeuza hata shingo. Kule mbele mawe makubwa ya Singida yalianza kuonekana. Nikaanza kuamini.

Simu yangu iliita. Madam Martina.

Sikutaka kupokea. Kefa aliliona jina kwenye kioo cha simu. "Pokea," alisema. "Weka sauti nje."

Nikaweka.

"Asnath, mwanangu. Mlinzi ameniambia umeondoka na mkoba. Uko Mkiwa?"

"Niko njiani, Madam. Nakuja naye."

Nilisikia kiti chake kikilia.

"Umempakia kwenye gari?"

"Ndiyo."

"Nisikilize vizuri, nakuambia kama mzazi. Mtu yule hali yake unaijua. Akifia nyumbani kwake, amefia nyumbani kwake, ni mapenzi ya Mungu. Akifia kwenye gari ulilompakia wewe, amefia mikononi mwako. Na akifia getini kwangu, nitaulizwa mimi. Kwa hiyo hutapita getini. Mrudishe ulikomtoa."

Akakata.

Dereva alikuwa amepunguza mwendo bila kuambiwa. Kefa alitazama mbele, kwenye lami.

"Ni sauti ileile," alisema. "Ya asubuhi."

"Kaka, tusimsikilize. Rebeka wa maabara ana damu. Dokta..."

"Kumbe wanajua." Alikuwa anaongea polepole, kama anayehesabu. "Jana ulimwambia mzima. Leo asubuhi yule akasema mzima. Sasa anasema akafie nyumbani. Na mimi ninampeleka hukohuko." Akamgusa dereva. "Simamisha gari."

Gari likasimama kando ya barabara, karibu na Puma.

"Kefa, Singida ni hapo tu."

"Shuka."

"Nisikilize kwanza."

"Manyoni nina shemeji ni nesi wa hospitali. Ni ndugu, hawezi kunidanganya. Tunageuza."

"Manyoni ni kurudi Mkiwa na kuipita, na kwenda tena mbali. Hatafika, Kefa. Na kundi la damu yake ni adimu, huko wataanza kulitafuta."

"Ulisema hivyohivyo kwamba ni mzima, na uso huohuo. Nyie wote ni wamoja. Shuka kwenye gari."

Peniel alifumbua macho. Alinishika kidole kimoja, mkono wake baridi.

"Kefa," alisema kwa sauti ndogo. "Mtoto hachezi tangu asubuhi."

Hiyo ndiyo iliyomalizia. Kefa alishuka, akafungua mlango wa upande wangu, akanitoa kwa mkono, si kwa nguvu nyingi. Akakaa yeye mahali pangu, akakichukua kichwa cha mke wake mapajani. Sikumwona analia, ila kola ya shati lake ilikuwa imelowa.

Probox likageuka katikati ya barabara. Nilipiga kioo kwa kiganja likiwa linaondoka. Likashika mwendo kurudi Ikungi, likapanda kile kilima, likazama upande wa pili.

Nilibaki nimesimama na vumbi.

Simu ikaita tena. Nikajua ni Madam, nikapokea bila kutazama ili nimwambie ameshinda.

Alikuwa Rebeka. Alikuwa anahema.

"Asnath, mko wapi? Nimemweleza Dokta Philipo kila kitu. Amesimama getini mwenyewe, na koti lake, amemwambia Madam mgonjwa huyu akizuiwa aanze kumfukuza yeye. Geti liko wazi, chupa ziko mezani. Asnath, unanisikia? Mmefika wapi?"

Nilikitazama kile kilima. Nikabonyeza namba ya Kefa, nikaiweka simu sikioni.

Iliita. Ikakatwa.